Ukigusa, Unatoka

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo,
Alhamisi, tarehe 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji ameacha kubishana na daktari wake kuhusu chumvi. Wapwa zangu wanaendeleaje? Yule wa mwisho ameshapata kazi, au bado anatafuta kazi itakayoanza saa nne na kuisha saa sita? Mwambie mjomba wake anamuuliza. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Presha yake imeshuka na ulimi wake umepanda. Mimi nakula, nalala, napanda baiskeli. Mwili hauna neno. Iliyochafuka ni roho, ndiyo maana nakuandikia leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi kama kawaida yangu.

Mwaliko wenu umefika. Nimeusoma mara mbili, wifi yako akausoma kwa sauti, nikausoma tena. Kuja kwenu mwezi mzima, mimi na Spoki, na baiskeli zetu, tuone ndege wa ziwani ambao shemeji amekuwa akituringia tangu mwaka juzi. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini nina ombi, na usinikasirikie: mwondoe Spoki. Kama umeshamwandikia, mwandikie tena, mwambie chumba kinavuja. Akija yeye, mimi siji. Nikija mimi, sitaki kumsikia akitajwa mezani.

Najua hapo umeweka barua chini na kushika kiuno. Unampenda. Mama alikuwa akimpakulia huyo mtu sahani moja na mimi tangu tulipoanza uanagenzi kiwandani, na wewe ndiye uliyembandika jina la Spoki kwa wembamba wa miguu yake. Siku tunamzika Mama alilia mpaka nikaanza kumbembeleza yeye. Yote hayo nayakumbuka, nayo ndiyo yanayonizidishia kinyaa. Mtu baki akikurushia tope unajipangusa unaendelea na safari zako. Huyu nitajipangusa wapi?

Kaa vizuri nikueleze, maana najua kriketi kwako ni wazee waliovaa nguo nyeupe wakisubiri chai.

Mimi sichezi tena, nyonga ilikataa. Mimi ndiye mwamuzi. Navaa koti jeupe na kofia, nasimama upande wa mrushaji, na mpigaji anasimama mbele yangu na gongo lake. Mpira ukigusa gongo hata kidogo, kisha mlinda wiketi, yule mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akaudaka kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Basi, hilo ndilo unalohitaji kujua. Ila kugusa kwenyewe mara nyingine ni kwa unywele tu. Jicho haliwezi kuona. Unachosikia ni tik, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti.

Timu yetu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda, na tangu mwanzo ina desturi moja: ukigusa, unatoka. Hungoji mwamuzi. Mwamuzi anaweza kupigwa na jua, anaweza kupiga chafya. Wewe uliyeshika gongo umeusikia mtikisiko viganjani mwako, kwa hiyo unaliweka kwapani na kuondoka zako. Timu nyingine wanatucheka kwa hilo, wanasema tunamfanyia mwamuzi kazi yake bure. Wacheke. Aliyetuanzishia desturi hiyo ni Spoki mwenyewe. Tulikuwa tumebakiza kidogo tuchukue kikombe, mwamuzi akatikisa kichwa kwamba hakutoka, yeye akaweka gongo kwapani akatoka. Kikombe kikaenda. Tulikuwa vijana wakati ule, na nilimbeba mgongoni hadi kwenye geti la kiwanda nikijivunia kama nimemzaa mimi.

Sasa njoo Jumamosi iliyopita. Mrushaji wa wageni wetu akarusha, mpira ukapita sambamba na gongo la Spoki, mlinda wiketi akadaka, na timu yao yote ikanigeukia mikono juu. Mimi sikusikia kitu. Kulikuwa na lori la mchanga likipanda kilima nje ya ukuta. Nikatikisa kichwa: hajatoka. Halafu nikamtazama Spoki, kwa sababu kwetu ndivyo inavyokuwa, mpigaji ndiye mwenye neno la mwisho. Naye akanitazama. Alinitazama muda mrefu, dada, uso mkavu kabisa. Kisha akainama, akagongagonga gongo lake chini kujiweka sawa, akangoja mpira mwingine.

Hakutoka. Wageni wakanong'ona kidogo, wakanyamaza. Nani atamtilia shaka Spoki? Wakasemezana kwamba labda ni kifungo cha pedi yake ya mguuni. Akaendelea kupiga hadi tukashinda, watu wakampongeza, na mimi nikampongeza pamoja nao.

Tulipokuwa tunarudi na baiskeli, kwenye mteremko wa posta, akanisogelea, akasema, "Ile iligusa."

"Ipi?"

"Ile waliyolalamikia. Iligusa. Ndugu yangu, kweli wewe hukusikia chochote?"

Nilifunga breki katikati ya barabara. Nikamwambia asinihoji mimi, gongo lilikuwa mikononi mwake yeye. Akafungua mdomo aseme jingine, sikumpa nafasi. Nilimwacha pale nikakanyaga pedeli, na nyumbani nilifika mdomo umejaa ladha ya mtu aliyekunywa maziwa gizani akagundua yamechacha. Amedanganya mbele yangu, nikiwa nimevaa koti la uamuzi, halafu ananiletea habari zake za uchafu kama mtu anayekuonyesha kidonda.

Na mtu akishaanza kuoza, haozi sehemu moja. Nikirudisha mawazo nyuma naona dalili zilikuwapo. Tangu mwaka jana huyo bwana ameninyang'anya upande wangu wa barabara. Tangu ujana wetu mimi ndiye ninayeendesha upande wa magari, yeye upande wa majani. Siku hizi anajipachika nje, nyuma yangu kidogo, ananipumulia kisogoni, na gari likija ananipiga kofi la bega kama anaswaga punda. Nilimwambia aache. Akasema ataacha, na hakuacha. Nikavumilia, nikadhani ni uzee.

Nitakwambia ukweli, siku hizi karibu kila kitu kinanichefua. Mtunza bustani wa manispaa ameua ndege chozi wote pale bwawani kwa madawa yake. Ndege wazuri wale, wadogo, mdomo umepinda kwa ajili ya kunyonya maua, na sauti zao zilikuwa ndizo asubuhi yenyewe. Mwaka mzima sijawasikia. Nilimfuata nikamwambia usoni kwamba ni muuaji. Akaapa kwamba yeye hapulizi dawa. Mwongo mwingine. Wifi yako alinunua birika la kupiga mluzi, halipigi; nikalirudisha dukani na muuzaji akanitazama kama mwendawazimu. Binti yangu, ambaye wewe shangazi yake ulimfundisha kuongea, siku hizi akipiga simu anamumunya maneno kama ana pipi mdomoni. Hakuna anayefanya kazi yake vizuri.

Unaweza kuniambia nimsamehe tu, maisha yaendelee. Yataendelea na nini? Watu wanafikiri kustaafu ni kukaa kwenye kiti ukingoja kuitwa chakula. Mimi sina nafasi hata ya kuugua. Jumatano nasimulia hadithi maktaba, Ijumaa naangalia ndege, Jumamosi kriketi, Jumapili baiskeli. Na katika kila siku mojawapo ya hizo, huyo mtu yumo. Kumtupa yeye ni kutupa wiki nzima, na nimeamua kuitupa.

Jana nilikuwa maktaba, na hadithi niliyosimulia ilikuwa yake. Sikumtaja kwa jina. Nilisema tu palikuwa na mtu mrefu, mwembamba, aliyewafundisha wenzake uaminifu, kisha siku moja akagusa mpira na asitoke. Sijisifu, dada, lakini niliisimulia. Nilisimama nilivyosimama uwanjani. Nikainama alivyoinama. Nikaigongagonga fimbo ya kufungulia madirisha sakafuni kama lile gongo lake. Nilipofika pale anaposema "ile iligusa," nilitegemea watu wagune. Badala yake wakainamisha vichwa. Kepteni wetu, yule meneja wa benki mstaafu, alikuwa safu ya mbele, akatabasamu hadi gego. Mama mmoja tunayemwita Mkunga akainuka akaenda kwenye rafu ya vitabu vya mapishi, na anajulikana kwamba hapiki. Nikaelewa kwamba wameona aibu kwa niaba ya mwenzao.

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavaa kofia akaondoka. Asubuhi hii Kepteni amemwondoa kwenye timu, nami nikasema vizuri sana, na nikanywa chai yangu.

Kwa hiyo nasubiri jibu lako. Chagua, mimi au yeye.


Ijumaa, mchana

Dada, barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Nimeitoa. Nilitaka kuichana, nikaona hapana, wewe umenibadilisha nepi, huna usichokijua. Isome yote kama ilivyo, kisha endelea hapa.

Asubuhi nilikwenda bwawani kuangalia ndege, na aliyekuja ni Mkunga peke yake. Huyu ni mkunga mstaafu, nusu ya watu wa mji huu aliwapokea kwa mikono yake, na kwenye kriketi ndiye anayetuandikia alama. Wengine hawakutokea. Nilidhani ni manyunyu ya mvua. Mkunga naye alikuwa ananijibu kwa mkato, kama mtu mwenye kesi na wewe. Tukafika kwenye ua wa maua mekundu, palepale nilipomwita mtunza bustani muuaji. Akanishika mkono, akaelekeza kidole. Nikainua darubini.

Alikuwa chozi dume. Kifua kinametameta, amekaa juu ya tawi kavu, karibu kiasi cha kumwona ulimi. Mdomo uko wazi. Koo linatetemeka. Mwili mzima unasukasuka. Alikuwa anaimba kwa nguvu zote alizopewa, dada, na hakukuwa na sauti. Tetere wa mbali nilimsikia. Kunguru nilimsikia. Nilimsikia Mkunga akikohoa. Ila huyo ndege mbele ya macho yangu alikuwa kama televisheni iliyozimwa sauti.

Nikashusha darubini nikamuuliza Mkunga kama ndege yule anaimba.

"Tangu tulipoteremka kwenye baiskeli," akasema. "Na mwingine anamjibu hapo nyuma yako."

Palikuwa na kisiki, nikakaa. Mkunga hana huruma na watu wazima, huruma yake yote aliimaliza kwa watoto wachanga. Alisimama tu akiningoja. Nikamuuliza kuhusu Jumamosi, kuhusu ule mpira, kama yeye aliusikia.

"Benchi zima lilisikia. Aliyekuwa anachemsha chai alisikia."

"Na lile lori?"

"Lori lilikuwa limeshapita."

Halafu akanipasulia yote, wima, bila hata kukaa. Kumbe kabla ya mchezo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kepteni aliwaambia wachezaji kwamba mzee wa koti jeupe hasikii tena. Kwamba kila mtu anajua, ila mwenyewe ana kiburi, hakuna anayethubutu kumwambia. Kwamba mpira mmoja tu ukimpita sikioni siku ile, mbele ya wageni, koti litavuliwa palepale uwanjani na kuvalishwa mtu mwingine, yaishe. Spoki alikuwa kwenye kona anafunga pedi zake. Alisikia kila neno.

"Ule mpira ulipogusa," Mkunga akasema, "hakuna aliyekutazama wewe. Sote tulimtazama Spoki. Angetoka, ingekuwa wazi kwamba hukusikia, na Kepteni alikuwa ameshasimama. Alipobaki, tukasema basi, kama Spoki amebaki, haikugusa, masikio yetu ndiyo yenye kasoro. Hata Kepteni alikaa chini. Tuliamini wote mpaka Jumatano uliposimama maktaba ukatuambia iligusa."

Nakuandikia maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu tangu asubuhi yananizunguka kichwani.

Unaona nilichofanya? Mtu alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, nacho ni kwamba watu wakimwona amesimama wanajua hakugusa. Amekitunza tangu tulipokuwa vijana. Jumamosi akakitoa, akanifunika nacho mimi. Nami nikapanda jukwaani nikakifunua mbele ya mji mzima, kwa sauti ya kubadilishabadilisha na fimbo ya madirisha. Nimewatangazia watu kwamba mwamuzi ni kiziwi, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikajiona hodari. Vile vichwa viliinama kwa ajili yangu. Jana nilikuwa na kinyaa na Spoki. Leo nimejitazama kwenye kioo cha bafuni wakati wa kunyoa, nikaacha kunyoa.

Masikio haya, dada. Unakumbuka walivyokuwa wakiniita kiwandani. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa ukumbi wa kufuma, mitambo yote inanguruma, nanyoosha kidole nasema ule wa karibu na dirisha unaumwa bearingi, na kweli ukifunguliwa inakutwa bearingi. Walinisifu. Walinipa cheti na saa ya ukutani. Hawakunipa hata pamba ya kuziba masikio, kiwanda cha nguo, pamba imejaa hadi darini. Spoki yeye alikuwa stoo, kwenye ukimya na maboksi ya nyuzi, ndiyo maana yake yamebaki mazima. Nikiwaza hivyo natamani kuing'oa ile saa ukutani niitupe bwawani.

Nilipomuuliza wifi yako kwa nini hakuwahi kuniambia, akasema aliniambia, sikusikia. Mpaka sasa sijajua kama alikuwa ananitania. Alikuwa amenipa mgongo.


Jumapili, jioni

Nimerudi sasa hivi, miguu bado ina vumbi. Nimalizie.

Jana nilikwenda uwanjani mapema na koti langu limefuliwa, limepigwa pasi. Nikamkabidhi Kepteni mbele ya kila mtu. Nikawaambia kwamba sisikii sauti nyembamba, kwamba hadithi ya Jumatano niliisimulia kichwa chini miguu juu, na nitaisimulia upya Jumatano hii kama ilivyokuwa. Kepteni akaanza kunihubiria kwamba desturi ni desturi, Spoki aligusa na hakutoka. Nikamuuliza: kujua mwenzako hasikii, ukamnyamazia, ukamvalisha koti ukisubiri akosee mbele ya wageni, hiyo ni desturi ya wapi. Akajishughulisha na kurekebisha kola yake. Nimekaa na mtu huyo meza moja ya chai miaka yote hii, dada, na jana hata harufu ya mafuta yake ya nywele ilinitoa pale.

Nimewaandikia wale wageni kwamba ushindi ni wao. Sipindishi hapo. Spoki alikosea, waliostahili kushinda ni wale, na kuna watu mtaani wataendelea kumwita mdanganyifu hata nikisimulia hadi koo likauke. Timu inasema italifikiria suala la kumrudisha. Kile kitendo bado kinanichefua, sitakuficha. Ila sijui tena nimchukie nani kwa ajili yake.

Leo asubuhi nikaenda kwake. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Wewe unanijua, mimi mtu wa maneno. Nilimkuta uani anapangusa mnyororo wa baiskeli yake. Akainua kichwa. Nikamwambia tairi lake la nyuma halina upepo.

"Jaza," akasema, akanisukumia pampu kwa mguu.

Nikachuchumaa nikajaza. Nyonga ilinilipisha, na nikaona ni haki yake. Alipoona nahema akaniambia, akitazama mnyororo wake, kwamba siku ile kwenye mteremko wa posta alitaka nisikie kwake kabla sijasikia kwa Kepteni. "Nilianza na mpira," akasema. "Ningeanza na masikio." Alisema polepole, uso umenielekea, midomo anaifungua vizuri, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ni muda mrefu sasa anaongea na mimi hivyo. Mimi nilikuwa nikidhani ni meno yake mapya.

Nikamwambia nimemfanyia uchafu. Akasema ndiyo, nimemfanyia. Hakunipunguzia hata kidogo. Kisha akavaa kofia, tukatoka.

Binti yangu anakuja mwisho wa mwezi kunipeleka nikapimwe. Atanivisha vile vidude vya plastiki vyenye rangi ya meno ya bandia, vinavyokaa nyuma ya sikio kama kupe. Nimeviona kwenye picha na nimechukizwa navyo mapema kabisa. Nitavivaa. Namhitaji yule chozi. Nimemwomba radhi pia mtunza bustani, naye kanijibu kwa kirefu. Sikusikia alichosema, na kwa uso wake nadhani nilipata bahati.

Kwa hiyo, dada, ule ukurasa wa kwanza unaosema umwondoe, usiufuate. Tupokee wote wawili, kama shemeji bado anatutaka. Tupeni chumba kimoja, mpe yeye kitanda cha dirishani. Anakoroma, lakini hilo nadhani halitanisumbua.

Tulipofika barabara kuu leo, nilitaka kumrudishia upande wake wa majani. Nikajisogeza nje, upande wa magari, kama zamani. Alipunguza mwendo, akapita nyuma yangu, akajipachika tena nje palepale, na mimi nikabaki upande wa majani. Tukaenda hivyo. Kwenye kona ya kituo cha mafuta sikusikia kitu chochote, barabara ilikuwa kimya kabisa kwangu. Nikahisi kiganja chake begani. Nikasogea pembeni, na basi likatupita.

Msalimie shemeji, mwambie darubini yangu ni kubwa kuliko yake na nakuja nayo. Wasalimie wapwa zangu wote, na yule wa mwisho mwambie amka. Wifi yako anawasalimu, na Spoki amesema nikuandikie shikamoo yake, na kwamba hakusahau nani alimpa jina.

Mungu akutunzie goti, akutunzie nyumba, na masikio yako ayatunze kuliko vyote.

Ni mimi ndugu yako wa kuachiana ziwa, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Mdogo wako